Namba na Jina Lake: Historia ya Safari ya Matokeo ya Michezo

Mazungumzo ya redio kwa wanafunzi watu wazima, yaliyopigwa chapa kwa matumizi ya vikundi vya wasikilizaji

Leo hatutazungumza juu ya wafalme wala vita. Tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi wenu hulitazama kila Jumamosi jioni bila ya kulifikiria, yaani matokeo ya mpira.

Mtu hufungua simu yake, akatazama tovuti ya michezo, akaona orodha iliyopangwa vizuri: jina la timu, namba, namba nyingine, jina la timu ya pili. Chini yake mechi nyingine, na nyingine tena. Huenda akadhani kwamba yuko karani mahali fulani anayeandika ukurasa ule kwa mkono kila bao linapoingia. Sivyo. Ukurasa ule hutengenezwa na programu ya kompyuta. Programu hupokea orodha ya mechi kutoka kwa watu wanaokusanya matokeo, kisha huipitia orodha hiyo mechi moja baada ya nyingine, na kila mechi huiandikia mstari wake.

Sasa hapa pana swali. Kompyuta haijui mpira. Haijapata kushangilia bao wala kulalamikia refa. Inawezaje basi kutuambia nani kashinda, na sisi tukaiamini? Jibu la swali hili ni historia ya zaidi ya miaka 150, na historia yenyewe nitaifupisha kwa maneno machache: watu walijifunza, polepole na kwa taabu, kuifunga namba pamoja na jina lake.

Nikiwaambia, "Tano, mbili," nimewaambia nini? Sijawaambia kitu. Je, ni mabao, au ni bei ya nyanya? Kama ni mabao, nani mwenye tano? Mechi imekwisha, au inaendelea? Namba isiyo na jina ni kama barua isiyo na anwani. Haifiki.

Wa kwanza katika habari yetu ni mwandishi wa magazeti, Henry Chadwick. Alizaliwa Exeter, Uingereza, mwaka wa 1824, akahamia Marekani pamoja na wazazi wake angali mtoto. Huko Marekani mchezo wa besiboli ulikuwa unaenea, na Chadwick aliujua pia mchezo wa kriketi, ambao una desturi ya kuandika alama za kila mchezaji. Mwaka wa 1859 aliandika gazetini habari za mchezo wa besiboli kwa mpango wa jedwali: majina ya wachezaji yamesimama upande mmoja, na mbele ya kila jina namba za kazi aliyoifanya siku ile, kila namba katika safu yake.

Fikirini uzuri wa jambo hilo. Kabla ya hapo habari ya mchezo ilikuwa hadithi, na mwandishi mmoja husimulia hivi na mwingine vile. Jedwali lilimwezesha mtu asiyekuwako uwanjani kuuona mchezo kwa macho ya hesabu. Zaidi ya hayo, majedwali ya siku nyingi yangeweza kujumlishwa, na mchezaji akapimwa kwa kazi ya mwaka mzima badala ya sifa za jirani zake. Safu ndiyo iliyoipa namba jina.

Wakati huo huo, njia ya kupeleka habari ilikuwa inabadilika. Mwaka wa 1844 Samuel Morse alipeleka ujumbe kwa simu ya waya kutoka Washington hadi Baltimore. Katika miaka iliyofuata nyaya zilienea nchi kavu na chini ya bahari. Pwani yetu nayo haikusahauliwa: mwaka wa 1879 waya wa chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden, na habari iliyokuwa ikichukua majuma kwa meli ikaanza kuja kwa muda wa saa chache.

Lakini simu ya waya ilikuwa na tabia yake. Kila neno lilikuwa na bei, kwa hiyo watu walikata maneno. Nao mtu apokeaye haoni safu wala jedwali. Humjia herufi moja moja, kama matone ya maji. Herufi moja ikipotea njiani, maana nayo hupotea.

Mwaka wa 1888 ulianzishwa nchini Uingereza mpango wa ligi ya mpira wa miguu, wa kwanza duniani, wenye timu 12. Jumamosi ya kwanza ilikuwa tarehe 8 Septemba, na zilichezwa mechi tano. Naomba mzishike mechi hizi, maana tutazitumia baadaye. Bolton ilifungwa na Derby, 3 kwa 6. Everton iliifunga Accrington, 2 kwa 1. Preston iliifunga Burnley, 5 kwa 2. Stoke ilifungwa na West Bromwich Albion, 0 kwa 2. Wolverhampton na Aston Villa zilitoka sare, 1 kwa 1. Timu mbili zilizobaki, Blackburn Rovers na Notts County, hazikucheza siku hiyo.

Mechi ni tano tu, lakini tayari pana kazi. Desturi ni kulitaja kwanza jina la mwenyeji, kisha mgeni. Hiyo nayo ni lebo, ijapokuwa haikuandikwa popote. Asiyeijua desturi hiyo hataweza kujua mechi ilichezwa mji gani.

Tena kuna namba ambazo ni za kweli lakini haziaminiki. Tarehe 12 Septemba 1885, katika mashindano ya kombe la Scotland, Arbroath iliifunga Bon Accord mabao 36 kwa 0. Siku ile ile Dundee Harp iliifunga Aberdeen Rovers mabao 35 kwa 0. Karani akipokea namba kama hizo kwa waya atafanya nini? Atadhani mashine imeharibika. Kwa hiyo wapelekaji wa habari waliona haja ya ishara ya kusema, "Usishangae; namba hii ni sahihi."

Ishara hiyo ilionekana wazi katika televisheni. Tarehe 11 Oktoba 1958 shirika la BBC lilianza kipindi cha michezo cha Jumamosi kilichoitwa Grandstand. Mojawapo ya mambo yaliyopendwa ni ile mashine ya kupokea habari za waya, iliyopiga chapa matokeo herufi kwa herufi mbele ya macho ya watazamaji. Jina la timu hutokea, kisha mashine husita kidogo, na nyumba nzima hukaa kimya kungoja namba. Ikawa desturi kwamba timu ikifunga mabao mengi mno, kama saba, basi baada ya tarakimu 7 huandikwa tena kwa herufi, saba, ndani ya mabano. Ndivyo tufanyavyo katika hundi ya benki na katika stakabadhi: tunaandika kwa tarakimu, kisha kwa maneno, ili kosa la kalamu lisije likaleta hasara.

Na hasara ilikuwa ya kweli. Tangu mwaka wa 1923 kampuni ya Littlewoods ya Liverpool ilikuwa ikiendesha mchezo wa kubashiri matokeo ya mpira, na mamilioni ya wafanya kazi wa Uingereza walijaza karatasi zao kila juma kwa matumaini ya kupata mali. Kwao namba moja ilikuwa tofauti kati ya kulipa deni na kubaki nalo. Hawakusikiliza matokeo kwa ajili ya kujifurahisha tu.

Katika redio, tangu mwaka wa 1974 hadi 2013, matokeo ya BBC yalisomwa na James Alexander Gordon. Mtu huyu alikuwa na ufundi wa ajabu. Sauti yake ilipanda au kushuka alipolitaja jina la timu ya pili, hata msikilizaji akajua kabla ya kuisikia namba kwamba mgeni ameshinda, ameshindwa, au ni sare. Alikuwa anaweka lebo kwa sauti. Namba ilikuja nyuma, lakini maana yake ilikuwa imekwisha tangulia.

Kuna lebo nyingine iliyofunzwa na baridi. Mwanzoni mwa mwaka wa 1963 theluji na barafu zilifunika viwanja vya Uingereza kwa majuma mengi, na mechi zikaahirishwa kwa wingi. Wenye kampuni za kubashiri wakaona biashara yao inakufa. Basi tarehe 26 Januari 1963 liliketi kwa mara ya kwanza baraza la wataalamu wa mpira, wakaamua ni matokeo gani yangepatikana kama mechi zingechezwa. Naam, mechi ambazo hazikuchezwa zikapewa matokeo! Kwa karatasi za kubashiri yalihesabika. Kwa ligi hayakuhesabika hata kidogo. Hapo utaona kwamba haitoshi kuandika majina na mabao. Yakupasa uandike pia hali ya mechi: imekwisha, inaendelea, imeahirishwa, au imeamuliwa na baraza.

Sasa twende kwenye kompyuta. Tarehe 23 Septemba 1974 BBC ilianzisha Ceefax, huduma ya kurasa za maandishi zilizosafiri pamoja na mawimbi ya televisheni. Ukurasa ulikuwa na mistari 24, na kila mstari nafasi za herufi 40. Watu walipenda kuketi mbele ya ukurasa wa matokeo wakiungoja ubadilike. Huduma hiyo ilidumu hadi tarehe 23 Oktoba 2012.

Kisha ikaja tovuti. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, alitoa pendekezo lake mwaka wa 1989, na baada ya miaka michache kurasa za tovuti zilikuwa zikisomwa duniani kote. Lakini kurasa hizo ziliandikwa kwa ajili ya macho ya watu. Lugha yake ilieleza namna maandishi yatakavyoonekana: hili liwe nene, hili liwe jedwali, hili liwe jekundu. Haikusema kwamba hili ni jina la timu na hili ni bao.

Mwanadamu akiona jedwali huelewa. Mashine haielewi. Watu waliotaka kuchukua matokeo kutoka ukurasa mmoja na kuyaonyesha katika ukurasa mwingine walilazimika kuiambia programu, "Hesabu mistari mpaka wa kumi na mbili, kisha uchukue herufi ya ishirini." Mwenye ukurasa akiongeza tangazo moja juu, mistari yote husogea, na programu huchukua bei ya viatu ikaitangaza kuwa mabao.

Dawa ya ugonjwa huo ilikuwa imekwisha anza kutengenezwa mahali pengine kabisa. Mwaka wa 1969, katika kampuni ya IBM, watu watatu, Charles Goldfarb, Edward Mosher na Raymond Lorie, walikuwa wakishughulika na hati za kisheria. Wakaona kwamba ni afadhali hati iwekewe lebo zinazosema kila sehemu ni nini, wala si namna itakavyoonekana. Fikira hiyo ilikua hata ikawa kanuni ya kimataifa mwaka wa 1986. Nayo ilikuwa ndefu na nzito. Kwa hiyo kikundi kilichoongozwa na Jon Bosak kiliipunguza ili ifae kwa tovuti, na tarehe 10 Februari 1998 ikatangazwa kwa jina la XML.

Walio na karatasi za somo watazame mfano uliochapwa hapa. Ni ile mechi ya Preston na Burnley ya mwaka wa 1888, iliyoandikwa kwa utaratibu wa XML, na lebo zake tumeziandika kwa Kiswahili:

<mechi>
<tarehe>1888-09-08</tarehe>
<hali>imekwisha</hali>
<mwenyeji>Preston North End</mwenyeji>
<mabao-mwenyeji>5</mabao-mwenyeji>
<mgeni>Burnley</mgeni>
<mabao-mgeni>2</mabao-mgeni>
</mechi>

Wasio na karatasi wafikirie masanduku. Liko sanduku kubwa lililoandikwa "mechi". Ndani yake yamo masanduku madogo, na kila moja limebandikwa jina lake: tarehe, hali, mwenyeji, mabao ya mwenyeji, mgeni, mabao ya mgeni. Kila sanduku lina mfuniko wa kufungulia na mfuniko wa kufungia. Sasa hata masanduku yakipangwa upya, mgeni akatangulia mwenyeji, hapana kitu kitakachopotea, maana mashine haihesabu mistari tena, inasoma majina. Alichokifanya Chadwick kwa safu, na Gordon kwa sauti, sasa kinafanywa kwa lebo.

Orodha ya siku nzima ni sanduku kubwa zaidi lenye masanduku ya mechi ndani yake. Orodha hiyo husafiri kutoka kwa wakusanyaji hadi kwa wenye tovuti kila baada ya muda, kama mfereji wa maji uliofunguliwa. Ndiyo maana tutauita mkondo wa taarifa.

Lakini mkondo peke yake hauonyeshi kitu. Hapana budi pawe na kazi ya pili, yaani kuipitia orodha. Nayo ina historia yake. Mwaka wa 1843 bibi mmoja wa Uingereza, Ada Lovelace, aliandika maelezo juu ya mtambo wa kuhesabu uliobuniwa na Charles Babbage, mtambo ambao haukupata kukamilishwa. Alionyesha kwamba kazi ile ile yaweza kurudiwa mara nyingi bila ya kuandikwa upya kila mara. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka wa 1951, Heinz Rutishauser wa Zürich alieleza lugha ya kuamrisha kompyuta ambayo marudio yalianza kwa neno la Kijerumani lenye maana ya "kwa". Mpaka leo lugha nyingi za kompyuta hutumia neno la namna hiyo hiyo. Wataalamu wa Kiswahili huita marudio hayo kitanzi.

Sikilizeni jinsi kitanzi kinavyosema: "Kwa kila mechi iliyomo katika orodha, fanya hivi: andika jina la mwenyeji, andika mabao yake, andika mabao ya mgeni, andika jina la mgeni, kisha anza mstari mpya." Basi, ni hayo tu. Ukikipa kitanzi hiki mechi zetu tano za 1888, kitazunguka mara tano, na utapata mistari mitano. Ukikipa mechi mia tatu, kitazunguka mara mia tatu bila ya kuchoka. Wala hukuongeza neno.

Kitanzi hicho hicho chaweza kutengeneza msimamo wa ligi. Kiambie: "Kwa kila mechi, linganisha mabao. Mwenye mengi mpe pointi mbili. Yakiwa sawa, kila timu ipe pointi moja." Kwa mechi zetu tano, Derby, Everton, Preston na West Bromwich Albion zitapata mbili mbili, Wolverhampton na Aston Villa moja moja, nyingine hazitapata kitu.

Hapa historia inatupa fundisho zuri. Ligi ile ilipoanza Septemba 1888, hesabu ya pointi ilikuwa haijakubaliwa. Ilikubaliwa mwezi wa Novemba, mechi nyingi zikiwa zimekwisha chezwa. Baadaye, mwaka wa 1981, Waingereza wakabadili pointi za ushindi kutoka mbili kuwa tatu. Je, mabao ya zamani yalibadilika? La. Aliyeyaandika matokeo pamoja na majina yake hakupata hasara. Alibadilisha kanuni moja tu, akayapitia upya. Lakini aliyeandika pointi peke yake akayatupa mabao, huyo hana pa kurudi. Ndiyo sababu mtunzaji mwema wa kumbukumbu huhifadhi jambo lenyewe lililotokea, na hukumu yake huifanya baadaye.

Sasa, mabibi na mabwana, nisije nikawapa picha nzuri tupu. Kitanzi ni mtumishi mtiifu kupita kiasi. Hufanya alichoambiwa hata kama ni upuuzi. Nitataja hatari nne.

Ya kwanza ni ukali wa XML yenyewe. Walioitunga waliamua kwa makusudi kwamba msomaji wa mashine akikuta kosa la utaratibu asiendelee kubahatisha; atoe taarifa ya kosa na asimame. Iko timu ya Uingereza iitwayo Brighton & Hove Albion. Ile alama ya "na" iliyo katikati ya jina lake ni alama ambayo XML imejiwekea kwa kazi yake maalumu, nayo haina ruhusa kuandikwa hivi hivi. Mkusanyaji akisahau jambo hilo, si mechi ya Brighton peke yake itakayokwama. Orodha nzima haitasomeka, na ukurasa wa matokeo ya siku nzima utabaki mtupu kwa ajili ya alama moja. Wengine waliuona ukali huo kuwa umezidi. Lakini fikirini: ni heri ukurasa mtupu unaokiri kwamba kuna kosa, au ukurasa uliojaa namba za kubahatisha?

Hatari ya pili ni kwamba kila kilichomo ndani ya sanduku la XML huja kama maandishi. Tarakimu 36 ni herufi mbili mpaka programu iambiwe kuwa ni namba. Isipoambiwa, yaweza kuzipanga kwa alfabeti. Na kwa alfabeti 5 huhesabiwa kubwa kuliko 36, kwa kuwa 5 hufuata baada ya 3. Hapo Preston yenye mabao 5 itaipita Arbroath yenye 36.

Hatari ya tatu ni mechi ambayo mabao yake hayatoshi kueleza kilichotokea. Mtakumbuka fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika iliyochezwa Libreville, Gabon, tarehe 12 Februari 2012. Zambia na Côte d'Ivoire hazikufungana hata baada ya muda wa nyongeza. Zambia ikatwaa kombe kwa mikwaju ya penalti, 8 kwa 7. Sasa lipelekee kitanzi chetu sanduku lenye mabao 0 na mabao 0. Kitasema nini? Kitasema "sare", tena bila ya haya, na taifa lililoshinda litaonekana halikushinda. Makosa si ya kitanzi. Ni ya aliyepanga masanduku bila ya kuweka sanduku la penalti. Mashine haiwezi kujua kitu ambacho hakikupewa jina.

Hatari ya nne ni siku isiyo na mechi. Orodha ikiwa tupu, kitanzi huzunguka mara sifuri, na msomaji huona ukurasa mweupe. Hajui kama leo hakuna mpira au mtambo umeharibika. Fundi mwenye adabu huongeza sentensi moja: "Leo hakuna mechi." Na chini ya ukurasa huandika saa ambayo taarifa zilipokewa, ili mtu asije akachukua matokeo ya asubuhi akadhani ni ya jioni.

Limebaki swali moja kubwa: matokeo ni mali ya nani? Mwaka wa 1996 kampuni ya Motorola iliuza nchini Marekani chombo kidogo cha mfukoni kilichoonyesha matokeo ya mpira wa kikapu mchezo ukiendelea. Matokeo yaliletwa na kampuni ya STATS, ambayo watu wake walitazama televisheni na kusikiliza redio, wakayaingiza katika kompyuta. Chama cha mpira wa kikapu, NBA, kilishtaki. Tarehe 30 Januari 1997 mahakama ya rufani iliyoko New York iliamua kwamba matangazo ya mchezo yana mwenyewe, lakini mambo yaliyotokea uwanjani, yaani namba zenyewe, si mali ya chama. Na tarehe 1 Machi 2012 mahakama ya Umoja wa Ulaya, katika shauri juu ya ratiba za mechi za Uingereza, iliamua kwamba jasho na ujuzi wa kutengeneza ratiba havitoshi peke yake kumpa mtu hakimiliki.

Msichukue maneno haya kuwa ni ruhusa ya kuingia katika shamba la mtu. Mkondo wa taarifa una mwenyewe aliyegharimia wakusanyaji na mitambo, na una masharti yake. Sheria nazo hutofautiana nchi kwa nchi. Lakini kiini cha hukumu ya 1997 ni kizuri kukikumbuka: bao likishaingia mbele ya watu, ni habari. Hapana awezaye kulificha mfukoni mwake.

Tangu miaka ya 2000 umeenea utaratibu mwingine uitwao JSON, uliotangazwa na Douglas Crockford, ambao ni mwepesi kuliko XML, na huduma nyingi za matokeo sasa huutumia. Nyaya nazo zimeongezeka: mwaka wa 2009 waya wa SEACOM ulifika Mombasa na Dar es Salaam chini ya bahari ile ile ambamo waya wa 1879 ulilazwa. Vyombo vimebadilika, lakini masharti yamebaki yale yale ya Chadwick. Kila namba iwe na jina lake. Kila tukio liwe na hali yake na saa yake. Na mahali panapoweza kutiliwa shaka, sema mara mbili.

Nami nawaomba msidhani kwamba hayo ni mambo ya mafundi wa kompyuta tu. Katibu wa chama cha ushirika anayeandika kilo za kahawa, muuguzi anayeandika joto la mgonjwa, mwalimu anayeandika alama za mtihani, wote wanajaza masanduku ambayo siku moja kitanzi kitayapitia. Kitanzi hakitawauliza walikuwa na nia gani. Kitarudia uangalifu wao mara elfu, au uzembe wao mara elfu. Mkulima atalipwa au hatalipwa kwa namba ile.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi:

1. Chukueni mechi moja iliyochezwa mtaani kwenu. Ni masanduku gani yanayotakiwa ili mtu wa mji mwingine aielewe bila ya kuuliza swali?

2. Kwa nini ni afadhali kuhifadhi mabao kuliko kuhifadhi pointi peke yake? Toeni mfano mwingine kutoka katika daftari la duka au la ushirika.

3. Je, mnakubali kwamba ukurasa mtupu ni bora kuliko ukurasa wenye namba za kubahatisha? Toeni sababu za pande zote mbili.